Hesabu ya Jikoni

Barazani wanahesabu kwa Kiarabu.
Nawasikia kupitia mlango: Humud ana mia mbili za ziada,
la, Ghalib, wallahi, mtaa wa juu wote ni wake,
na vikombe vya kahawa vinatikiswa, basi, nimetosheka,
kila mwanamume ameshinda kabla kura hazijapigwa.

Mimi nahesabu kwa Kiswahili,
maana ukweli wa Ibra hukaa nyuma ya sufuria,
katika lugha waliyorudi nayo mama zetu
imefungwa pamoja na kanga na mbuzi ya nazi.
Nina daftari la kitinda mimba wangu:
kurasa za mbele sehemu na desimali,
za nyuma wilaya nzima, nyumba kwa nyumba.

Sikumuuliza mtu, "Utampa nani?"
Swali hilo hujibiwa kwa adabu, na adabu haina kura.
Jumatano, soko la wanawake, niliuliza bei ya bizari,
nikauliza mguu wa mama unaendeleaje, nikasema tu,
"Na hawa wagombea wetu, ee Mola."
Halafu nikanyamaza, nikachagua ndimu taratibu.

Bi Mozza akasema mumewe amemwahidi Humud mbele ya watu.
"Mbele ya watu," akarudia, akinifungia tangawizi.
Nikaandika: Ghalib, wanne.
Nasra alikumbuka msiba wa mamake,
nani alileta hema, nani alituma salamu kwa simu.
Humud, saba.
Nyumba ya mwalimu Yaarub: kura tano, ndimi mbili.
Nikaweka alama ya kuuliza, kisha nikaifuta,
kwani alama ya kuuliza haikalii kiti cha Shura.
Wa Maskati walinipigia wenyewe, usiku,
bomba la maji wameliacha wazi lifunike sauti.

Usiku wa kuamkia Jumapili nikajumlisha
mara tatu, kama ninavyohesabu pesa za upatu.
Humud, kwa kura tatu.
Si mia mbili. Tatu.
Muhenna, mume wangu, alicheka hadi kofia ikateleza:
"Tatu! Mwanamke, hiyo si hesabu, hayo ni mafiga."

Jumapili tulipiga kura viganjani.
Simu ilitaka kitambulisho, kisha ikataka uso;
nikavua miwani, nikaambiwa nisogee kwenye mwanga.
Bibi wa jirani ilimkataa mara nne, akaifokea,
"Ni mimi, we punguani, ni mimi!"
Saa moja usiku ikafungwa.

Matokeo yakaja wali haujakauka.
Ghalib, kwa kura tatu.

Barazani, wa mia mbili na wa mia nne
walikosea sana, kwa hiyo hawakuona haya.
Mimi nilikosea kidogo, na kidogo ndicho kinachouma.
Tatu za kushinda, tatu za kushindwa:
basi wamehama watu watatu. Si zaidi.
Nikaanza upya kwa kidole,
Mozza palepale, Nasra palepale, hata Yaarub palepale,
mpaka ukurasa wa mwisho, mstari wa mwisho,
nilioujaza kwa wino siku ya kwanza bila kuuliza bei ya chochote:
Kwetu. Wanne. Humud.

Tukala.
Muhenna akasema, hakuinua macho,
maji ya falaji yana miaka miwili hayajafika shambani,
zamu yake siku hizi ni nusu saa ya vumbi.
Hakuniambia mimi. Alimwambia samaki.
Thuraya, ambaye shahada yake ya uhandisi
imo kabatini mwaka wa tatu, chini ya mashuka ya wageni,
akamtazama kakake. Kakake akatazama simu.

Nikasema, "Nani anataka pilipili?"

Wakanijibu wote watatu,
kwa adabu kabisa,
kwa Kiarabu.